Mbaazi Haili Saa Moja na Mahindi

Mvua za vuli zinapokaribia Machakos, Makueni na Kitui, wakulima huniuliza kama kupanda mbaazi ndani ya mahindi si kuyanyang'anya mahindi mbolea. Hofu hiyo ina msingi. Mimea jirani hugombania maji, mwanga na rutuba, na ugomvi huwa mkali pale inapotaka kitu kimoja, katika kina kimoja cha udongo, kwa wakati mmoja. Mahindi na mbaazi hukutana hivyo kwa nadra sana.

Mahindi hula kwa pupa tangu yanapofika magotini hadi yanapotoa mbelewele. Wakati huo mbaazi za muda mrefu, hizi zetu za miezi tisa hivi, bado ni vijiti vyembamba. Vibarua wa palizi huzing'oa wakidhani zimedumaa. Hazijadumaa, zinashusha mzizi kwanza. Mahindi yakishavunwa Februari ndipo zinapotanua matawi, nazo huishi kwa maji yaliyozama chini, ambako mizizi ya mahindi haikufika, hadi mavuno ya Agosti. Tena udongo wetu mwekundu una chuma kingi kinachoishikilia fosforasi. Mizizi ya mbaazi hutoa tindikali inayoifungua, kazi ambayo mahindi hayaiwezi.

Kuna jambo moja ambalo hata baadhi ya maafisa wa nyanjani hulieleza vibaya. Ni kweli bakteria walio katika vifundo vya mizizi ya mbaazi hunasa nitrojeni ya hewani, lakini usitarajie mahindi ya msimu huu yafaidike nayo sana. Faida huja majani yakipukutika na kuoza, kwa hiyo atakayeila ni zao litakalofuata. Mahindi ya sasa bado yanahitaji samadi yake. Ukitaka kujua kama bakteria wanafanya kazi, chimbua mche mmoja taratibu kwa jembe (ukiuvuta, vifundo hubaki ardhini), kisha pasua kifundo. Kikiwa na rangi ya waridi ndani, mambo ni mazuri.

Panda vyote pamoja mvua ya kwanza ikishalowesha ardhi vizuri. Mahindi yape sentimita 90 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo. Kila baada ya mistari miwili ya mahindi weka mmoja wa mbaazi, nusu mita kati ya mche na mche. Ukibananisha zaidi, mwaka wa mvua haba utajuta, maana mzizi mrefu hauusaidii mche ambao bado ni mchanga.

Kuchanganya mahindi na mtama ni habari nyingine kabisa. Hao ni ndugu: mizizi yao hula katika tabaka moja, funza wa bua huwala wote, na kiduha huwanyonya wote. Wasomaji wa Busia, Siaya na Homa Bay wanakijua kiduha kwa maua yake ya zambarau. Mbegu yake hulala udongoni miaka mingi, ikingoja kemikali inayotoka kwenye mzizi wa nafaka ndipo iote na kuung'ang'ania. Watafiti wa ICIPE huko Mbita waliutumia udhaifu huo katika kilimo cha vuta-sukuma: desmodiamu ikipandwa katikati ya mahindi, mizizi yake huiotesha mbegu ya kiduha na kuizuia isiushike mzizi wa mahindi, hivyo ikafa kwa njaa. Matete yakizunguka shamba, nondo wa funza huvutiwa kutaga huko, na wengi wa funza wao hawakui. Nayo desmodiamu na matete ni lishe ya ng'ombe.

Mbaazi zikichanua, punguza haraka ya kushika bomba la dawa. Vidukari wakionekana, tazama kwanza kama kuna wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi, hao huwala. Sisimizi, kwa upande wao, huwalinda vidukari ili wapate utamu wanaoutoa. Lakini viwavi wanaotoboa maganda hawasubiriwi. Ikibidi kunyunyiza, nyunyiza jioni nyuki wakisharudi mzingani.

Machi ndipo wengi wanapokosea, kwa kurudisha mahindi chini ya mbaazi zilizokwisha kutanda. Hapo mwanga hautoshi. Panda ndengu au kunde, ambazo ni fupi na hukomaa upesi, tena katika nafasi pana tu. Na ukiona miche ya mbaazi inanyauka mmoja mmoja ilhali udongo una unyevu, pasua shina: michirizi ya kahawia ndani ni dalili ya mnyauko fusari. Ing'oe na uichome, usikate mbaazi za shamba hilo ili zichipuke tena, na Oktoba ijayo utafute mbegu inayostahimili ugonjwa huo.