Bunduki ya Kuwindia na Bega la Mzee

SOMO KWA VYAMA WANACHAMA

Katika vyama vingi vya msingi vilivyo karibu na mapori ya Tanzania, mwanachama mwenye leseni ya bunduki mara nyingi ni mtu mzima. Aliipata silaha yake alipokuwa na umri wa miaka 30 au 40, na leo amepita 60. Mahindi yanapokomaa na mihogo inapojaa, nguruwe pori na nyani huingia mashambani, na majirani wote humtazama yeye. Bunduki ni ile ile na mwenyewe ni yule yule, lakini bega lake silo lile la miaka 30 iliyopita.

Somo hili lina makusudi manne: kueleza kwa nini bunduki humpiga mpigaji wake; kuonyesha jinsi ya kuchagua bunduki inayomfaa mtu mwenye umri mkubwa; kufundisha namna ya kulipunguza pigo hilo; na kukumbusha kwamba kuna siku ambayo silaha yapaswa kuwekwa chini. Somo halimpi mtu yeyote ruhusa ya kuwinda. Nchini Tanzania silaha husimamiwa kwa sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, na wanyama kwa sheria ya uhifadhi wa wanyamapori ya mwaka 2009. Nchini Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu mwaka 1977.

1. ASILI YA PIGO

Baruti inapowaka ndani ya ganda la risasi, hutoa gesi yenye nguvu nyingi. Gesi hiyo huisukuma risasi mbele, na papo hapo bunduki nayo husukumwa nyuma. Hakuna bunduki isiyorudi nyuma. Tofauti iko katika kiasi. Kiasi hicho hutegemea mambo manne: uzito wa risasi, kasi yake, wingi wa baruti, na uzito wa bunduki yenyewe.

Pigo la begani hupimwa kwa jouli. Jouli moja ni takriban kazi ya kuinua uzito wa kilo moja kwa sentimita 10. Chukuliwe mfano wa raifali ya .30-06 inayopiga risasi ya gramu 11.7 kwa kasi ya mita 820 kwa sekunde. Ikiwa bunduki ina uzito wa kilo 3.6, bega hupokea jouli 27 hivi. Risasi ile ile ikipigwa katika bunduki ya kilo 4.5, bega hupokea jouli 21 au 22. Uzito wa bunduki umeongezeka kwa robo, na pigo limepungua kwa sehemu moja ya tano. Hii ndiyo hesabu ya kwanza ambayo mnunuzi mzee anapaswa kuijua: bunduki nyepesi huupendeza mkono dukani, lakini huliumiza bega shambani.

Kwa bunduki za uzito wa kawaida, raifali ya .243 hutoa jouli 12 hadi 15, ya.308 hutoa takriban 21, ya.375 hutoa 50 au zaidi, na ya.458 hufikia 85 au zaidi. Yaani .375 hupiga karibu mara mbili ya .30-06, na .458 mara tatu. Wala mwenye shotigani asidhani kwamba amesalimika. Shotigani ya namba 12 ikitiwa marisau ya kawaida hupiga bega kwa nguvu isiyopungua ile ya .30-06, na ikiwa nyepesi huzidi.

2. MWILI UNAVYOBADILIKA

Kadiri umri unavyosonga, kano za bega huchakaa, misuli hupungua, na pigo ambalo zamani lilisahauliwa jioni ile ile sasa huacha maumivu ya siku kadhaa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda huvilia damu kwa urahisi. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichotiwa kifuani, au aliyepata kutibiwa ndani ya jicho, haimfai kupiga bunduki kabla ya kumuuliza daktari wake, kwa kuwa mshtuko wa kitako huweza kudhuru.

Macho nayo hubadilika. Baada ya miaka 40 hivi jicho hushindwa kuona sawasawa vitu vya karibu. Kwa hiyo kilengeo cha nyuma, kilicho karibu na uso, huonekana kama ukungu. Darubini ndogo juu ya bunduki huondoa tatizo hilo, kwa sababu jicho huona alama na mnyama kwa pamoja. Hata hivyo, lazima pawe na nafasi ya sentimita 9 au 10 kati ya jicho na darubini. Bunduki yenye pigo kubwa iliyofungwa darubini karibu mno humpasua mpigaji juu ya jicho.

Masikio yasisahauliwe. Mlio wa bunduki ya kuwindia hupita desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja tu waweza kuharibu usikivu, na usikivu uliopotea kwa njia hiyo haurudi. Isitoshe, sehemu kubwa ya kile ambacho mpigaji hukiita pigo ni mlio wenyewe. Mtu akiziba masikio vizuri, mara nyingi huona bunduki ile ile imekuwa pole.

3. ADUI NI KUSHTUKA

Maumivu ya bega si hatari kubwa kuliko zote. Hatari iliyo kubwa ni tabia inayozaliwa na maumivu hayo. Mwili ukishajifunza kwamba kila kivutwapo kifyatulio kuna pigo, huanza kujikinga kabla ya pigo lenyewe: macho hufumba, bega hujivuta, mkono hukiminya kifyatulio kwa ghafla, na mtutu huinama. Risasi iliyokusudiwa moyo huishia tumboni au mguuni.

Matokeo yake hayamhusu mpigaji peke yake. Nguruwe pori aliyejeruhiwa hukimbilia kichakani, na anayekutana naye asubuhi huenda akawa mama anayekwenda kuchota maji au mtoto anayekwenda shule. Kwa nyati aliyejeruhiwa, jambo hilo ni la kufa na kupona. Mnyama naye huteseka bure, na nyama yake hupotea. Hapo ndipo jambo la bega la mtu mmoja linapogeuka kuwa jambo la kijiji kizima.

Mzee wengi humwona shujaa kwa sababu ya ukubwa wa bunduki yake, naye huona haya kusema kwamba inamuumiza. Haya hiyo haina msingi. Mwindaji Mskoti W. D. M. Bell, aliyeishi kuanzia mwaka 1880 hadi 1954 na kuwinda Karamoja nchini Uganda na kwingineko, aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao aliwaua kwa raifali ya milimita 7 yenye risasi ya gramu 11.2 tu. Alifanya hivyo kwa sababu alijua barabara mahali ubongo na moyo vilipo, na mkono wake haukushtuka. Mfano huu haumwambii mzee achukue bunduki ndogo kumkabili tembo. Leo .375 huhesabiwa kuwa kipimo cha chini kinachofaa kwa tembo na nyati, na mkulima anayevamiwa na wanyama hao yafaa apeleke habari haraka kwa ofisi ya wanyamapori ya wilaya au kwa askari wa TAWA. Mfano wa Bell unafundisha jambo moja tu: risasi ndogo iliyopiga mahali pake huishinda risasi kubwa iliyopiga pembeni.

4. KUCHAGUA

Waliotangulia walisema kwamba kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Mwanachama mzee anayenunua au kubadilisha bunduki na ayapime mambo yafuatayo:

(a) Kazi. Nguruwe pori kwa kawaida hazidi kilo 100. Kwake yeye, na kwa swala wa ukubwa wa kati walioorodheshwa katika leseni, raifali ya .243 au .308 yatosha kabisa. Asiyewinda nyati hana sababu ya kubeba bunduki ya nyati.

(b) Uzito. Kilo 3.6 hadi 4.2 pamoja na darubini ni wastani mzuri. Chini ya hapo bega huumia. Juu ya hapo miguu na mikono huchoka njiani, na mtu aliyechoka hutetemeka anapolenga.

(c) Kitako. Kitako kirefu mno hukaa kwenye mkono badala ya bega. Kifupi mno huleta kidole gumba puani. Mnunuzi aiinue bunduki akiwa amefumba macho, kisha ayafumbue: ikiwa anaona sawasawa kwenye vilengeo bila kusogeza shingo, bunduki inamfaa. Fundi wa silaha anayetambuliwa kisheria aweza kukipunguza kitako na kukitia mpira laini mwishoni. Mpira huo ni wa bei ndogo kuliko bunduki mpya, na faida yake huonekana siku hiyo hiyo.

(d) Risasi. Bunduki moja yaweza kutumia risasi nyepesi au nzito. Kuchagua iliyo nyepesi, yenye baruti ya kadiri, hupunguza pigo bila kununua silaha nyingine.

(e) Kipunguza pigo cha mdomo wa mtutu. Kifaa hiki huelekeza gesi pembeni na hupunguza pigo sana, lakini huzidisha mlio kwa mpigaji na kwa aliye ubavuni pake. Hakifai kwa mtu ambaye masikio yake yamekwisha kupungua nguvu, wala kwa anayefuatana na wenzake.

5. MAZOEZI

Mazoezi yafanyike mahali palipoidhinishwa, penye kingo ya udongo nyuma ya shabaha. Yawe machache na ya mara kwa mara. Risasi 5 hadi 10 za bunduki kubwa kwa siku zatosha. Zaidi ya hapo mwili hujifunza kuogopa. Sehemu kubwa ya mazoezi na ifanywe kwa bunduki ya .22, ambayo haina pigo la kutajika, kwa mwenye leseni yake.

Mguu wa kushoto utangulie kwa anayetumia bega la kulia, na uzito wa mwili uegemee mbele. Kitako kikazwe katika shimo la bega. Nafasi ikiachwa, kitako hupata mwendo kabla ya kulifikia bega, na hapo huumiza. Shavu liguse ubao. Pumzi itolewe nusu, kisha kifyatulio kivutwe polepole. Apigaye akiwa amesimama huumia kidogo kuliko aliyeketi mezani, kwa kuwa mwili wake hupata nafasi ya kwenda nyuma pamoja na bunduki. Ikibidi kupiga kutoka mezani ili kurekebisha vilengeo, mfuko mdogo wa mchanga uwekwe kati ya kitako na bega.

Ili kutambua kama mtu anashtuka, mwenzake amtilie risasi mara nyingine na mara nyingine asimtilie, bila yeye kujua. Bunduki isiyo na risasi ikiinama anapovuta, kushtuka kumethibitika. Hapo arudi kwenye bunduki ya .22 kwa majuma kadhaa, wala asione kwamba ameaibika.

6. KUWEKA SILAHA CHINI

Mzee aliyefanya yote haya na bado risasi zake tano haziingii ndani ya duara la ukubwa wa sahani kwa mita 50, amefika mahali pa kuacha kumpiga risasi mnyama aliye hai. Maarifa yake hayafi siku hiyo. Yeye ndiye ajuaye njia za nguruwe, upepo wa bonde, na saa ya nyani kushuka. Vijana watahitaji kuelekezwa naye.

Jambo moja lazima litajwe waziwazi. Leseni ya silaha hutolewa kwa mtu aliyetajwa ndani yake. Mzee asimwachie mwanawe bunduki kimyakimya, wala chama kisimkabidhi mlinzi wa ghala silaha ya mwanachama. Atakayeipokea afuate taratibu za polisi mwanzo hadi mwisho. Katibu hana mamlaka ya kutoa leseni, lakini anaweza kumkumbusha mwanachama tarehe ya kuihuisha, kumwandikia barua ya utambulisho, na kumwalika ofisa wa wanyamapori kuzungumza na wanachama kabla ya msimu. Mwanachama anayeomba mkopo wa kununua bunduki na aulizwe, pamoja na uwezo wake wa kulipa, kama amewahi kuipiga bunduki ya aina hiyo na jinsi bega lake lilivyojibu.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Mambo gani manne huamua ukubwa wa pigo la bunduki? Ni lipi ambalo mwanachama aweza kulibadili bila kununua bunduki nyingine?

2. Kwa nini kushtuka kwa mpigaji mmoja ni hatari kwa kijiji kizima?

3. Mwanachama wa miaka 67 ana raifali ya .375, naye huwinda nguruwe pori tu. Chama kimshauri nini?

4. Je, katika eneo la chama chenu, habari za tembo au nyati shambani hupelekwa kwa nani, na kwa njia gani iliyo ya haraka?

5. Wanachama wafanye nini ili mzee aweze kusema "bunduki hii yaniumiza" pasipo kuchekwa?