Maji ya Bomba Kigali: Tangi Kwanza, Chujio Baadaye

Masika yakikolea, Nyabarongo hugeuka rangi na kuwa kama chai nzito ya maziwa. Ni udongo wa mashamba ya milimani, pamoja na tope la machimbo ya madini huko juu, unaosukumwa na mvua kuelekea Akagera na mwishowe Ziwa Viktoria. Njiani, mto huo hulisha mtambo wa Nzove, nguzo kuu ya maji ya Kigali. Mitambo mingine ina vyanzo vyake: Kimisagara hutumia mto Yanze, Karenge huchota Ziwa Mugesera, na ule wa Kanzenze kule Bugesera, uliofunguliwa mwaka 2021 ukiwa na uwezo wa mita za ujazo 40,000 kwa siku, hutegemea visima vilivyochimbwa kando ya Nyabarongo.

Kwa hiyo mkazi wa Kagugu na mkazi wa Kanombe wanaweza kuwa na bomba la shirika lile lile, WASAC, wakanywa maji yenye tabia tofauti. Ushauri wa jirani kuhusu chujio "zuri" haufai kupokelewa hivi hivi, hata jirani awe mtu wa kuaminika.

Mtambo wenyewe si wa kulaumiwa kwa haraka. Maji machafu hutiwa shabu ili chembe za udongo zishikane na kuzama, kisha hupitishwa kwenye mchanga, kisha hutiwa klorini. Shirika la Afya Duniani linataka klorini inayobaki isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mtumiaji anapofungua bomba, na bakteria aina ya E. coli wasionekane kabisa katika mililita 100. Shida huanza baadaye, safarini. Kigali ni mji wa vilima. Maji husukumwa kutoka bondeni hadi kwenye matangi ya juu, ndipo yashuke mitaani, na mitaa mingi ya pembezoni huyapata kwa zamu. Bomba likikauka, ule msukumo uliokuwa ukizuia uchafu wa nje hutoweka. Penye ufa au kiungo kilicholegea, maji ya ardhini, na pengine ya shimo la choo, huweza kunyonywa ndani. Ndiyo maana maji ya mwanzo baada ya mgawo hutoka na rangi, na ndiyo maana hayo yapelekwe kwenye kudeki, si kwenye sufuria.

Harufu ya klorini, inayowaudhi wengi, ni habari njema: ina maana bado kuna kinga ndani ya maji. Bomba lisilonuka chochote baada ya siku kadhaa za ukame ndilo la kutiliwa shaka zaidi. Vijikaratasi vya kupimia klorini, vile wanavyotumia wahudumu wa mabwawa ya kuogelea, hutoa jibu kwa dakika moja, na mimi naviona vina thamani kuliko maelezo yote ya muuzaji wa mashine.

Kipimo cha pili hakigharimu kitu. Jaza maji kwenye chupa angavu, uiache usiku kucha. Vumbi likituama chini na juu kukawa kweupe, huo ni udongo. Maji yakitoka safi kisha yakageuka rangi ya kutu yakikaa, kuna chuma kilichoyeyuka, tabia ya baadhi ya maji ya visima. Kutu ikionekana asubuhi tu kisha ikaisha baada ya bomba kufunguliwa kidogo, tazama mabomba ya chuma ya nyumba yenyewe. Chupa haitakuonyesha vijidudu; maji meupe kabisa yanaweza kumlaza mtoto hospitalini.

Baada ya hapo, panda juu ya tangi. Nyumba nyingi za Kicukiro na Gasabo zina tangi la plastiki la kuvumilia siku za ukame, na mengi hayajafunguliwa tangu fundi alipoyafunga. Chini hukaa tope laini linalomeza klorini yote inayoingia. Lisafishwe hivi: maji yaondolewe, kuta zisuguliwe kwa brashi, tope litolewe, kisha tangi lijazwe tena na kutiwa dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato. Ikiwa kibandiko kinasema asilimia 5, lita 1 inatosha tangi la lita 1,000. Yaachwe usiku mzima, na asubuhi kila bomba la nyumba lifunguliwe mpaka harufu isikike, ndipo maji hayo yamwagwe yote. Hayo si ya kunywa. Mwisho, kifuniko kifungwe barabara na bomba la kufurikia lizibwe kwa wavu, maana mjusi hahitaji mwaliko.

Tangi likiwa safi, chujio litakuwa na kazi ndogo na ya wazi. Palipo na udongo, chujio la nyuzi linalofungwa kwenye bomba la kuingia ndani hutosha kuzuia chembe, na nyuzi zake hubadilishwa mapema zaidi wakati wa masika. Chujio la kaboni, linalopendwa kwa kuondoa ladha na harufu, lina hila yake: linaondoa klorini lakini haliui vijidudu, hivyo maji yaliyopita humo hubaki bila mlinzi. Lisiwe peke yake.

Kwa maji ya kunywa, napendekeza chombo kisichohitaji umeme wala msukumo: ndoo mbili zenye mshumaa wa kauri, au chungu cha udongo. Chungu hicho kina asili ya mbali. Mwaka 1981, mwanasayansi Fernando Mazariegos wa Guatemala alichanganya udongo wa mfinyanzi na unga wa mbao. Tanurini mbao huungua na kuacha vitundu vidogo vinavyonasa bakteria, na rangi nyembamba ya fedha huwadhoofisha wanaobaki. Uganda leo wanafinyanga cha aina hiyo na kukiuza kwa jina la Purifaaya. Maji hushuka polepole, kwa hiyo kijazwe jioni. Kasi ikipungua, kauri husuguliwa kwa brashi laini na maji safi bila sabuni. Ikipata ufa, hata mwembamba kama unywele, itupwe. Kumbuka pia kwamba virusi ni vidogo kuliko vitundu hivyo, na hapo ndipo klorini ya chupa, kama Sûr'Eau inayouzwa Rwanda, inapofaa: fuata kipimo cha kibandiko, subiri dakika 30.

Kwamba machujio hufanya kazi katika nyumba za kawaida si maneno matupu. Mradi wa Tubeho Neza uligawa machujio na majiko kwa zaidi ya kaya 100,000 za Mkoa wa Magharibi wa Rwanda kuanzia mwaka 2014, na utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta kuhara kulikoripotiwa kwa watoto wa chini ya miaka mitano kumepungua kwa asilimia 29.

Wengi bado wanachemsha, na hawakosei. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi badala ya 100. Bado ni joto la kutosha kuua vijidudu, mradi yatokote kwa nguvu dakika moja. Ila mkaa na gesi vina bei, kuchemsha hakuondoi udongo wala chuma, na maji yakishapoa hayana kinga. Yakimiminwa kwenye dumu lenye utelezi ndani, kazi imerudi mwanzo. Dumu la kunywea liwe lake peke yake, lisilochota mtoni wala kisimani, lioshwe kwa klorini kila wiki, na maji yamiminwe badala ya kuchotwa kwa kikombe.

Zile mashine za bei kubwa zenye utando unaochuja hadi chumvi, sizioni zikihitajika hapa. Kwa kila lita ya kunywa humwaga nyingine kadhaa, jambo gumu kulieleza katika mtaa unaongoja zamu. Zina mahali pake: visima vya chumvi vya pwani ya Mombasa na Unguja, au Arusha, ambako floraidi katika vyanzo vingi hupita kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita na kuacha meno ya kahawia.

Mpangaji ana kikwazo kingine: tangi ni la mwenye nyumba na linalisha kaya zote za ua. Kabla ya kulipa kodi ya kwanza, aulize lilisafishwa lini na ufunguo wa kifuniko anao nani. Majirani wakichangia dawa na fundi wa nusu siku, gharama kwa kila mlango huwa ndogo kuliko ya madumu ya maji ya kununua, na kazi hiyo ifanywe mwanzoni mwa Machi, kabla mvua hazijashika.