Nini Kiwe Kitovu? Taaluma ya Profesa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mwanafunzi wa Eldas

Makala haya yanaangazia maisha ya kitaaluma ya Ngũgĩ wa Thiong'o (1938–2025), profesa wa Kiingereza aliyeuliza: fasihi ya nani itangulie darasani?

Mnamo 1967 Ngũgĩ alianza kufundisha katika Idara ya Kiingereza jijini Nairobi. Mwaka uliofuata, yeye, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wakipendekeza idara hiyo ivunjwe. Hawakukusudia kumfukuza Shakespeare. Walitaka Afrika iwe kitovu, fasihi simulizi iwe nguzo, na fasihi za kwingineko zisomwe kwa kuhusianishwa nayo. Mwaka 1969 Ngũgĩ alijiuzulu kutetea uhuru wa kitaaluma, akarejea 1971, na baadaye akaiongoza Idara ya Fasihi iliyotokana na mjadala huo.

Msimamo wake ulimgharimu. Baada ya tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, aliyoiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kuigizwa Kamĩrĩĩthũ mnamo 1977, alizuiliwa takriban mwaka mmoja bila kushtakiwa. Alipoachiliwa hakurudishiwa kazi yake. Tangu 1982 aliishi uhamishoni, akafundisha Yale, New York na hatimaye Irvine, California, akiwa Profesa wa Kiingereza na Fasihi Linganishi, ilhali riwaya zake alizitunga kwa Kigĩkũyũ.

Je, hayo yanatuhusuje sisi wanafunzi wa Kiswahili? Tuchukue mfano wa Eldas, Kaunti ya Wajir, ambako lugha ya nyumbani kwa wengi ni Kisomali. Darasani, mwanafunzi wa huko hufunzwa kulipima shairi kwa vina na mizani. Lakini gabay, utungo mashuhuri wa Wasomali, hautegemei vina vya mwisho. Nguzo yake ni sauti moja inayorudiwa mwanzoni mwa maneno, mshororo baada ya mshororo, hadi tamati. Tukishikilia vina pekee, mwanafunzi huyo atadhani kuwa kwao hakuna ushairi, nasi tutakuwa tumekitendea Kisomali yale ambayo Kiingereza kilizitendea lugha zetu.

Kwa hiyo, inapendekezwa mwalimu aanze na gabay, au buraanbur wanaotunga akina mama, ndipo alinganishe na shairi la Kiswahili. Kwa njia hiyo dhana ya takriri itaeleweka kwa urahisi, na vina vitaonekana kuwa kaida mojawapo miongoni mwa nyingi. Kiswahili hakitapungukiwa na chochote. Lugha ya taifa hukua kwa kukaribisha, wala si kwa kunyamazisha.