URATIBU: Uvimbe Usio wa Saratani Katika Tezi za Homoni

Mtahiniwa akiulizwa kuhusu uvimbe usio wa saratani, mara nyingi huandika: "Hauna madhara kwa sababu hausambai." Kwamba hausambai ni kweli. Kwamba hauna madhara si kweli, na katika tezi za homoni kosa hili hukupotezea alama nyingi.

Kumbuka kwamba tezi ya homoni haina mrija. Humimina homoni moja kwa moja kwenye damu. Seli zake zikiongezeka bila mpangilio, hata kama hazivamii tishu za jirani wala kuhamia kwenye mapafu au ini, zinaweza kuendelea kutengeneza homoni kupita kiasi. Damu huisambaza homoni hiyo mwili mzima. Kwa hiyo jiulize maswali mawili: Je, uvimbe huu ni saratani? Je, unatoa homoni? Jibu la swali moja halikupi jibu la lingine.

Hospitali hutenganisha maswali haya kwa kutumia misimbo. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya kimataifa ya kuainisha magonjwa, ambayo toleo lake la 10 nchi wanachama zilianza kulitumia mwaka 1994. (Toleo la 11 lilianza kutumika rasmi Januari 1, 2022, misimbo iliyo hapa ni ya toleo la 10.) Usiikariri. Itazame ili uone mantiki yake.

Saratani ya tezi ya thairoidi ni C73. Uvimbe usio wa saratani wa tezi hiyohiyo ni D34. Tezi nyingine za homoni ziko chini ya D35: adrenali D35.0, parathairoidi D35.1, pituitari D35.2. Kongosho linawachanganya wengi: ingawa hutoa insulini, uvimbe usio wa saratani wa seli zake za homoni ni D13.7, pamoja na viungo vya mmeng'enyo. Ovari nayo ina msimbo wake, D27.

Herufi E ni ya magonjwa ya homoni, lishe na umetaboli. Uvimbe unaotoa homoni kupita kiasi unaweza kupewa misimbo miwili: wa D kwa uvimbe wenyewe, na wa E kwa athari ya homoni. Uvimbe wa parathairoidi, kwa mfano, hufanya kalsiamu itolewe kwenye mifupa na kuingia kwenye damu. Mifupa hudhoofika na mawe yanaweza kutokea kwenye figo. Uvimbe wa adrenali unaotoa adrenalini hupandisha shinikizo la damu na kuufanya moyo uende mbio mgonjwa akiwa ameketi tu.

Je, goita ni uvimbe wa aina hii? Goita inayotokana na upungufu wa madini joto haimo. Iodini ikipungua, thairoidi hushindwa kutengeneza thairoksini ya kutosha. Pituitari huongeza homoni ya kuichochea, na tezi hutanuka. Tezi yote inaitikia amri. Hakuna seli zilizoasi. Msimbo wake ni E01, si D34. Ndiyo maana goita ilikuwa tatizo kubwa Nyanda za Juu Kusini, ambako udongo una iodini kidogo, na ndiyo maana chumvi hutiwa madini joto.

Swali la mfano
Mwanamume wa miaka 40 anaona viatu vyake vya zamani havimtoshi, taya limekua, na haoni vizuri vitu vilivyo pembeni. Vipimo vinaonyesha uvimbe usio wa saratani kwenye pituitari. Eleza dalili zake. (Alama 6)

Jibu
Uvimbe unatoa homoni ya ukuaji kupita kiasi (alama 1). Kwa kuwa ni mtu mzima, sehemu za ukuaji za mifupa mirefu zimekwisha kufunga, hivyo harefuki (alama 1). Badala yake mifupa ya mikono, miguu na taya hunenepa (alama 2). Pituitari iko chini ya mahali neva za macho zinapokutana (alama 1), hivyo uvimbe ukikua juu huzibana na uoni wa pembeni hupungua (alama 1).

Daktari angeandika D35.2 pamoja na E22.0. Anayetaja homoni peke yake hawezi kueleza macho, na anayetaja kubanwa kwa neva peke yake hawezi kueleza viatu.