Misemo ya Mifupa: Maswali na Majibu ya Marudio

Sehemu: Matumizi ya Lugha. Mifano imetolewa Mji wa Kale, Mombasa.

1. "Mfupa" uko katika ngeli gani? Andika ukubwa na udogo wake. (alama 3)
Jibu: Ngeli ya U-I: mfupa huu, mifupa hii. Ukubwa ni fupa. Udogo ni kifupa.

2. Mama amwambia mwanawe: "Kula polepole, changu ana miiba." Kwa nini hakusema mifupa? (alama 2)
Jibu: Mwambao, mfupa wa samaki huitwa mwiba, kwa kuwa huchoma na kukwama kooni. Tahadhari: katika "Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole", unaotajwa ni mwiba wa mti.

3. Eleza methali: "Mfupa uliomshinda fisi, mbwa hauwezi." (alama 4)
Jibu: Fisi ana taya za kuponda mifupa na tumbo la kuisaga, hata kinyesi chake huwa cheupe kwa madini ya mifupa hiyo. Mfupa ukimshinda yeye, mbwa ajisumbulie nini? Maana ya ndani: jambo lililomshinda hodari, dhaifu hataliweza. Hutumika kumwonya anayejitia ubingwa.

4. Toa asili na matumizi ya "uti wa mgongo". (alama 3)
Jibu: Uti ni shina; mzizi -ti ndio ulio katika neno mti. Uti wa mgongo husimamisha mwili, hivyo msemo huu hutaja tegemeo kuu. Mfano: Bandari ni uti wa mgongo wa uchumi wa Mombasa.

5. Nyumba ya "mbavu za mbwa" ni ipi? (alama 2)
Jibu: Ni nyumba ya miti na fito isiyokandikwa, fito huonekana waziwazi kama mbavu za mbwa aliyekonda. Majumba ya kale ya Mji wa Kale si ya namna hiyo: yalijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Usichanganye na "kuvunjika mbavu", yaani kucheka mno.

6. "Ulimi hauna mfupa." Fafanua. (alama 2)
Jibu: Ulimi ni msuli, hupinda utakavyo. Mtu anaweza kutamka lolote, hata la kumponza; apime neno kabla ya kulitoa.

7. Sahihisha: (a) Nina mfupa wa kuchuna nawe. (b) Kiwanja hiki ni mfupa wa ugomvi. (alama 4)
Jibu: Zote ni tafsiri sisisi za Kiingereza. Ya kwanza yatokana na mbwa anayeguguna mfupa mpaka uishe nyama. Ya pili, na mbwa wawili wanaogombea mfupa mmoja. Sema: (a) Nina neno nawe. (b) Kiwanja hiki ndicho kiini cha mzozo.

Kwa mtahiniwa: Ukiulizwa methali, toa maana ya juu, maana ya ndani na matumizi. Ukiacha moja, umejipunguzia alama mwenyewe.