Kusafisha Sauti Uliyorekodi kwa Programu ya Bure

Familia nyingi siku hizi zina hazina ndani ya simu: sauti ya babu akitaja nasaba ya ukoo, mawaidha ya bibi siku ya kumwoza mjukuu, maneno ya mzazi ambaye leo hayupo tena. Mara nyingi rekodi hizo si safi. Feni inavuma, jogoo anawika, na msemaji yuko mbali na simu. Mwenye rekodi huipeleka kwa fundi, hulipa, kisha hurudishiwa faili fupi lenye sauti iliyokauka. Akiulizia rekodi ya awali, huambiwa imekwisha kufutwa. Fedha iliyopotea huweza kutafutwa tena, lakini sauti ya marehemu haipatikani mara ya pili.

Katika somo hili tunaeleza namna mtumiaji anavyoweza kuifanya kazi hiyo mwenyewe, bila gharama ya programu na bila kuihatarisha rekodi yake.

Programu na bei yake

Tumechagua programu iitwayo Audacity. Ilianza kutengenezwa mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na ikatolewa kwa umma mwaka 2000. Inafanya kazi katika kompyuta za Windows, macOS na Linux, na hupakuliwa bila malipo kutoka tovuti ya watengenezaji wake, audacityteam.org.

Leseni yake, GNU GPL, inamruhusu kila mtu kuitumia, kuinakili, na hata kuiuza. Kwa hiyo anayekudai malipo si lazima awe ametenda kosa. Lakini wewe una haki ya kumwuliza unalipia nini. Kulipia kazi ya fundi aliyekuja kukusakinishia ni jambo la haki. Kulipia programu ambayo ungeipata bure ni hasara. Tovuti inayokutaka namba ya kadi ya benki kabla ya kuipakua programu hii, iache.

Kabla ya kugusa chochote

Nakili faili la rekodi mara mbili: nakala moja ikae kwenye flashi au simu nyingine, na ya pili iwe ya kufanyia kazi. Faili la awali lisiguswe kamwe. Kosa linaloharibu rekodi nyingi ni kulihifadhi faili jipya kwa jina lile lile la zamani. Basi lipe jina lingine, kwa mfano "Babu-safi".

Simu nyingi hurekodi mafaili ya aina ya M4A. Ili Audacity iyafungue katika Windows, huhitaji pia nyongeza iitwayo FFmpeg, nayo ni ya bure.

Hatua za kazi

1. Fungua nakala yako. Utaiona sauti imechorwa kama mawimbi: panapopanda pana sauti kubwa, na palipolala pana ukimya. Vaa vifaa vya kusikilizia masikioni, kwa kuwa spika ndogo za kompyuta huficha kasoro nyingi.

2. Ondoa mvumo. Tafuta mahali ambapo hakuna anayesema, pakisikika feni peke yake, walau kwa sekunde moja. Pachague kwa kipanya, nenda kwenye menyu ya "Effect", chagua "Noise Reduction", kisha bofya "Get Noise Profile". Hapo programu imejifunza mvumo ulivyo. Sasa chagua rekodi nzima kwa Ctrl+A, rudi pale pale na utekeleze. Anza na upunguzaji mdogo, kama desibeli 6. Ukizidisha, sauti ya mtu huanza kusikika kama inatoka ndani ya mtungi.

3. Kata yasiyohitajika. Chagua sehemu kwa kipanya, isikilize kwanza, kisha bonyeza Delete. Ukikosea, Ctrl+Z hurudisha. Hatua hii tumeiweka baada ya kuondoa mvumo kwa makusudi: anayeanza kwa kukata ukimya wa mwanzoni huenda akatupa ile sampuli ya mvumo anayoihitaji. Wala usikate kila kituo cha msemaji. Mzee anaponyamaza kabla ya kulitaja jina, ukimya huo nao ni sehemu ya maneno yake.

4. Sawazisha ukubwa wa sauti. Tumia "Normalize", ukiacha kilele desibeli 1 chini ya kikomo.

5. Hifadhi. Kwa kutunza, toa faili la WAV. Kwa kuwatumia jamaa, toa MP3. WAV ya kiwango cha CD huchukua karibu megabaiti 10 kwa dakika, na MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde karibu megabaiti 1. MP3 hupunguza ukubwa kwa kutupa sehemu ya sauti, na kilichotupwa hakirudi.

Yasiyowezekana

Mvumo usiobadilika, kama wa feni au jokofu, hupungua vizuri. Jogoo, honi na vilio vya watoto ni vigumu kuondoka, kwa sababu huja na kwenda pamoja na maneno. Vilele vya mawimbi vilivyosawazika kama vimekatwa kwa kisu ni dalili kwamba sauti ilizidi uwezo wa kinasa. Hakuna programu itakayoirudisha yote. Anayekuahidi kuondoa kila kelele, mwombe kwanza akuonyeshe dakika moja.

Rekodi ya malalamiko

Ikiwa rekodi inahusu mgogoro, tuseme ahadi ya muuzaji au makubaliano ya kazi, usiisafishe wala usiikate. Rekodi iliyohaririwa humpa upande wa pili haki ya kuuliza ni nini kilichoondolewa, na hata neno la kweli hutiliwa shaka. Wasilisha nakala kamili, nawe ubaki na faili la awali.

Ukiamua kumpa fundi

Si kila mtu ana kompyuta au nafasi, na fundi mwaminifu anastahili malipo yake. Mpe nakala kwenye flashi, usimwachie simu. Patana bei kabla ya kazi, omba faili la WAV pamoja na MP3, na udai risiti. Kisha isikilize kazi yote mbele yake, ukilinganisha na rekodi ya awali ambayo hukuitoa mkononi.