Sifongo ya Bahari na Dawa ya Sida

Sifongo umeisikia katika Injili. Wengi hudhani ni mmea. Siyo, ni mnyama wa bahari asiye na kichwa wala miguu, akaaye ameshika jiwe. Hawezi kumkimbia adui, kwa hiyo sifongo wengi hujilinda kwa sumu iliyo mwilini mwao.

Mwaka 1950 Bwana Werner Bergmann wa Marekani alitangaza habari ya kitu kigeni alichokiona katika sifongo wa bahari ya Florida. Kilifanana sana na vipande vinavyounga uzi wa urithi ndani ya mwili, lakini sukari yake ilikuwa nyingine. Basi wenye elimu walianza kutengeneza vipande vya uongo wenyewe. Kimoja ni AZT, iliyotengenezwa mwaka 1964 kwa ajili ya kansa. Kansa haikushindwa nayo. Lakini mwaka 1985 ilionekana kwamba AZT huzuia kijidudu cha sida, na mwaka 1987 Marekani iliruhusu wagonjwa wapewe.

Hufanyaje kazi? Fikiri mhunzi anayeunga mnyororo, pete kwa pete. Mpe pete iliyoziba upande mmoja. Ataiunga, lakini pete inayofuata haina pa kushika, na mnyororo unakomea hapo. Ndivyo kijidudu kinavyokwama kinapounga urithi wake ndani ya chembe ya damu.

Mtu asidhani AZT hukamuliwa katika sifongo. Sifongo ilitoa fundisho tu; dawa ilitengenezwa na watu. Tena AZT peke yake haikutosha, kwa maana kijidudu hujigeuza. Kidonge kinachotolewa Kongo siku hizi kina dawa tatu: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Mbili za kwanza ni pete za uongo za namna ile ile.

Wengine huchunguza mwani mwekundu wa New Zealand. Mwaka 2005 ilitangazwa protini yake, grifithsini, ambayo hushika sukari iliyo juu ya kijidudu kisiweze kuingia katika chembe. Hiyo inajaribiwa kwa kuzuia ugonjwa, siyo kwa kutibu.

Basi mtu akikuletea chupa ya maji ya bahari, akisema huponya sida, usiache vidonge vyako. Vidonge hukizuia kijidudu kisizae, havikimalizi. Ukiviacha, kitaamka tena.

Maulizo: Pete ya uongo hukwamisha kazi gani ya kijidudu? Mgonjwa anayejisikia mzima, kwa nini aendelee kumeza kidonge?